Rispa Juu ya Mwamba

Somo: 2 Samweli 21:1-14



Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, inakaribia, na kwa desturi yetu kila nyumba italeta sakristia karatasi yenye majina ya wafu wake, ili Padre awataje katika Misa. Ameniomba niandike machache juu ya karatasi hizo. Mimi si mhubiri. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 37, na mwalimu anajua kazi moja tu: kumpa mtoto somo, kisha kumwuliza swali. Basi somo ndilo hilo hapo juu. Nawaombeni mfungue Biblia zenu mlisome kwanza. Si refu. Halisomwi mara nyingi kanisani, na nadhani sababu ni kwamba linatisha.

Katika siku za Daudi palikuwa na njaa miaka mitatu. Daudi akamwuliza Bwana, akajibiwa kwamba ni kwa ajili ya damu: mfalme Sauli alikuwa amewaua Wagibeoni, watu ambao Israeli waliwaapia tangu zamani za Yoshua kwamba hawatauawa. Wagibeoni waliosalia hawakutaka fedha wala dhahabu. Walitaka watu saba wa ukoo wa Sauli, wakapewa, wakawatundika mlimani mwanzo wa mavuno ya shayiri. Wawili kati ya hao saba walikuwa wana wa Rispa, suria wa Sauli. Mama huyu hatuambiwi kwamba alisema neno lolote. Alitwaa gunia, akalitandika mwambani, akakaa hapo tangu mavuno mpaka mvua zilipoanguka, mchana akifukuza ndege, usiku akifukuza wanyama. Wako wanaokadiria kwamba ilikuwa miezi sita. Daudi alipopata habari, nadhani aliona haya, ingawa Biblia haisemi hivyo. Akaikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani na ya wale waliotundikwa, na nyumba ya Sauli ikapata maziko. Baada ya hayo ndipo Mungu aliposikia maombi ya nchi.

Nimemkumbuka Rispa kwa sababu ya mama mwingine na binti yake.

Mwaka 1982 nilikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu. Tulikuwa na mwalimu Mwingereza, mwanamke mrefu, mkali wa hesabu, ambaye sisi sote tulimwita Bibi kwa desturi ya zamani ya misheni. Nyumbani kwake, juu ya kabati la vitabu, palikuwa na picha ya vijana saba wamesimama mbele ya ndege kubwa. Nilipomwuliza, alinionyesha mmoja aliyekuwa akicheka, akasema, "Huyu ni kaka yangu. Aliruka." Basi. Nilikuwa kijana, sikuuliza zaidi. Baadaye nilifahamu kwamba hata kwao neno lilikuwa hilo hilo: aliruka. Wazazi walikuwa hawasemi kwamba alitupa mabomu.

Bibi alistaafu, akarudi kwao. Mama yake alipofariki akiwa mzee sana, alikuta kabatini sanduku la bati lenye telegramu, barua chache, na daftari ambalo kila mrukaji alitakiwa kuandika safari zake: za mchana kwa wino wa kijani, za usiku wa vita kwa wino mwekundu. Ndipo alipoanza kumtafuta kaka yake. Alikuwa amepita miaka sitini. Alianza kama alivyotufundisha sisi, kwa yale yanayojulikana kwenda kwa yasiyojulikana: aliandika barua, akatafuta ndugu za wale vijana sita wengine, akasoma vitabu vya vita ambavyo asingevigusa zamani. Mimi nilipata habari kidogo kidogo, kwa barua zake za Krismasi.

Ndege ile ilikuwa aina ya Lancaster, nayo ilichukua watu saba: rubani, fundi wa injini, mwonyesha njia, mtu wa simu ya upepo, wapiga bunduki wawili, na mtupa mabomu. Mtupa mabomu hulala kifudifudi puani mwa ndege, akitazama chini kwa kioo, na saa ikifika yeye ndiye anayebonyeza. Kaka yake Bibi alikuwa huyo. Alikuwa na miaka ishirini.

Nawaombeni msiwe wepesi wa kuwahukumu vijana hawa. Wote walijitolea kuruka, hakuna aliyelazimishwa kupanda. Waliopita katika majeshi hayo ya ndege za mabomu za Uingereza katika vita ile ya 1939 hadi 1945 walikuwa yapata 125,000, wakafa 55,573. Kijana alitakiwa kumaliza safari thelathini kabla ya kupumzishwa, na kila mmoja aliweza kuhesabu viti vilivyokuwa wazi asubuhi mezani. Walitoka katika nchi nyingi, Kanada, Australia, visiwa vya West Indies, hata Sierra Leone na Nigeria. Na vita yenyewe haikuanzishwa na wao. Warsaw, Rotterdam, London, Coventry, miji hiyo ilichomwa na Wajerumani kwanza.

Mwaka 2013 nilialikwa Uingereza na parishi rafiki, nami nikaenda kumwamkia Bibi. Alikuwa na miaka 82. Aliniambia, "Mwanangu, umekuja wakati mzuri. Macho yangu hayafai tena, nami nina kitu cha kusomewa." Kesho yake tukapanda treni mpaka Kew, ilipo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Huko yamehifadhiwa majalada ya kila kikosi cha ndege, siku kwa siku. Siku hizi huonyeshwa katika kompyuta. Nilikaa mbele ya kioo, yeye kando yangu na fimbo yake, kama mwanafunzi anayesomeshwa kwa sauti.

Niliikuta karatasi ya usiku wa tarehe 29 Julai 1943. Ina safu zake kama rejesta ya darasa: alama ya ndege, majina saba, saa ya kuondoka, saa ya kurudi. Nilisoma majina. Nilisoma saa ya kuondoka. Safu ya kurudi ilikuwa tupu. Usiku ule ndege 777 zilikwenda Hamburg, mji mkubwa wa bandari wa Ujerumani, na 28 hazikurudi. Bibi hakulia. Alikuwa ameyajua hayo kwa miaka sabini. Nikadhani kazi imekwisha, nikashika kofia yangu.

Akasema, "Rudi nyuma. Nisomee tarehe 27."

Sikujua sababu yake, lakini nilisoma. Ndege ile ile, majina yale yale saba, Hamburg. Waliondoka usiku, wakarudi alfajiri ya tarehe 28 salama wote. Maelezo yalikuwa mistari miwili: walitupa juu ya moto uliokwisha kuwaka, na moshi ulikuwa umepanda juu sana. Bibi akaniomba nisome tena. Kisha akafungua mkoba wake akatoa barua ya zamani iliyofunuliwa mara nyingi mpaka mikunjo yake imekatika. Ilikuwa barua ya kaka yake kwake yeye, alipokuwa msichana wa miaka 12. Ilifika nyumbani siku moja baada ya telegramu. Kaka anamwuliza habari za kuku wake, kama yule mweusi ameanza kutaga, na anamwahidi kumtengenezea banda jipya akipata likizo. Nilitazama tarehe juu ya ukurasa. 28 Julai 1943.

Hapo nami nilinyamaza.

Yafaa niwaeleze usiku wa tarehe 27 ulikuwaje. Ndege 787 zilitumwa Hamburg. Hali ya hewa ilikuwa ya joto na ukavu, na zimamoto walikuwa wamechoka kwa moto wa siku zilizotangulia. Mabomu yaliangukia mitaa ya wafanyakazi, nyumba juu ya nyumba, Hammerbrook, Hamm, Rothenburgsort. Mioto mingi ikaungana ikawa mmoja, ukavuta hewa kutoka pande zote kwa nguvu ya tufani hata watu wakaangushwa barabarani. Waliojificha katika mahandaki chini ya nyumba walikosa hewa wakafa wamekaa. Wengi wa waliokufa katika mashambulio yale ya Julai na Agosti 1943 walikufa usiku huo mmoja. Watu karibu milioni moja wakaukimbia mji.

Kijana aliyelala kifudifudi puani mwa ndege, aliyeuona moto ule kwa macho yake, alirudi, akalala, akaamka, akauliza habari za kuku. Je, alikuwa na moyo mgumu? Bibi alisema sivyo. Alisema alikuwa mtoto anayetafuta kitu kidogo cha kushika. Mimi sikumjua. Lakini nilimwamini dada yake.

Mwaka uliofuata Bibi alikwenda Hamburg, akiongozwa na mpwa wake. Wale saba walipatikana, wakazikwa katika makaburi ya Ohlsdorf. Ohlsdorf ni makaburi makubwa mno, kati ya makubwa kabisa duniani, hata mabasi ya abiria hupita ndani yake na kusimama vituoni. Sehemu moja ni ya askari wa Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake, mawe meupe yenye kimo kimoja, afisa na asiye afisa sawasawa. Kila familia iliruhusiwa kuongeza maneno yake chini ya jiwe, yasizidi herufi 66. Mama yake Bibi aliandika, akafuta, akaandika, akafuta, mpaka muda ukapita. Chini ya jiwe la mwanawe hamna neno. Nilipoisoma habari hiyo katika barua ndipo Rispa alipokuja moyoni mwangu, maana yeye naye hana neno hata moja katika Maandiko, ana gunia tu na mwamba.

Bibi aliweka nusu ya maua yake hapo. Nusu akabaki nayo. Akamwuliza mtunza makaburi walipo wale wa Julai 1943. Akaambiwa ni mbali, apande basi. Akapanda basi, kikongwe wa Kiingereza na maua mapajani. Akafika mahali palipochimbwa makaburi ya halaiki kwa umbo la msalaba. Wamelala hapo watu 36,918. Katikati mna sanamu ya mchongaji Gerhard Marcks, mashua inayowavusha wafu. Juu ya nyasi kuna maboriti ya mti, na juu ya kila boriti limeandikwa jina la mtaa: Hammerbrook. Hamm. Rothenburgsort. Majina ya watu hakuna, kwa kuwa wengi wao hawakuweza kutambulikana.

Mpwa wake alikasirika. Alisema, "Shangazi, tumekuja kwa ajili ya mjomba wako wa damu au kwa ajili ya hawa? Ni hawa waliowapakia majirani zao Wayahudi katika treni." (Alikosea, alikuwa kaka, si mjomba, lakini hasira haichagui maneno.) Nayo treni ni kweli. Kutoka stesheni moja ya Hamburg Wayahudi, Wasinti na Waroma zaidi ya 8,000 walipelekwa kuuawa, na si wengi waliosimama kuwatetea. Bibi alijibu, "Yote uliyosema ni kweli. Na wapo watoto wachanga hapa." Akaweka maua. Waliporudi kwenye basi hawakusemezana mpaka hotelini.

Sasa swali langu la mwalimu. Rudini kwenye somo. Wale waliotundikwa tunawajua: wawili wa Rispa wana majina yao, Armoni na Mefiboshethi. Mama yao tunamjua na baba yake pia. Sauli na Yonathani wana kaburi, na tunaambiwa liko wapi. Je, Wagibeoni aliowaua Sauli walikuwa nani? Walikuwa wangapi? Nani alikaa mwambani kwa ajili yao? Nimesoma sura ile mara nyingi, hamna jina hata moja. Hata hivyo njaa ya miaka mitatu ilikuja kwa ajili yao. Watu walikuwa wamewasahau. Mungu alikuwa anawahesabu.

Palikuwa na mtu wa Kanisa letu aliyeuliza swali hilo katika vita yenyewe. Tarehe 9 Februari 1944 Askofu George Bell wa Chichester alisimama katika Baraza la Malodi, akaitaja Hamburg. Hakusema Wajerumani hawana hatia, aliitaja pia miji waliyoichoma wao. Aliuliza kama ni halali kulenga mji mzima, pamoja na wote waliomo, badala ya viwanda na majeshi. Wengi walichukia kusikia hayo. Kwa akina Bibi jina la askofu huyo lilikuwa halitajwi mezani, na ni rahisi kuelewa sababu. Ukimwambia mama aliyefiwa kwamba mwanawe alitumwa kufanya jambo lisilo halali, yeye atasikia kwamba unamtukana mwanawe.

Bibi aliporudi alimwomba padre wa kwao kwamba, Jumapili ya Kumbukumbu, baada ya majina ya vijana wa parishi, wataje pia waliokufa Hamburg, kwa sentensi moja tu. Jambo likapelekwa barazani, likakataliwa. Mzee mmoja alisimama akasema wazazi wake wote wawili waliuawa London na bomu la Kijerumani, na hakuna kanisa la Hamburg linalowaombea. Bibi aliniandikia, "Naye ana haki yake. Nilimshika mkono, nikaketi." Jumapili ile, majina yaliposomwa, aliongeza sentensi yake kimoyomoyo. Akafanya hivyo kila mwaka mpaka alipofariki, 2017. Mwaka uliofuata, pale Lincoln, pakafunguliwa mahali pa kumbukumbu penye kuta zilizoandikwa majina ya warukaji karibu 58,000 waliokufa. Mpwa wake, yule yule aliyekasirika, aliniletea picha ya jina la kaka. Nyuma ya picha alikuwa ameandika kwa kalamu: Hammerbrook, Hamm, Rothenburgsort.

Labda mtasema, Mwalimu, hiyo ni vita ya Wazungu. Ndiyo. Kwa muda mrefu nami nilijifichia hapo.

Nilikuwa na kaka. Wazee wa mtaa wetu wanamkumbuka. Alikuwa katika mizinga, naye alikufa Uganda mwaka 1979, na kila Novemba jina lake limekuwa la kwanza katika karatasi yangu. Vita ile haikuanzishwa na sisi. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwaka 1978 wakaua watu wetu na kupora na kubomoa, nami sina shaka kwamba vijana wetu walikwenda kwa haki. Lakini Februari 1979 mji wa Masaka ulipigwa mizinga, na baada ya kutekwa majumba mengi yakabomolewa kwa baruti, kulipa kisasi cha Kagera. Baada ya vita alikuja kwetu rafiki wa kaka kutoka kikosi chake kutupa pole. Tulimpa kiti uani. Alianza kueleza waliyoyakuta Masaka walipoingia, nami nikamkatiza. Nilimwambia, "Inatosha, mama atasikia." Akanyamaza, akanywa chai, akaondoka. Sikumwona tena.

Mama alikuwa shambani siku ile. Asingesikia kitu.

Nilijidanganya kwamba namlinda mama. Nilikuwa najilinda mimi, maana nilitaka kaka yangu abaki kama alivyo katika picha, na kofia yake. Bibi alikuwa na picha kama hiyo, na katika miaka 82 alipanda treni ili asomewe tarehe 27. Alimpenda kaka yake kuliko nilivyompenda wangu, au niseme alimpenda mtu mzima, mimi nilipenda nusu.

Mwaka huu nimemwandikia barua mwenzangu mmoja aliyefundisha Bukoba, kumwuliza kama kuna askari wa zamani wa kikosi kile aliye hai ambaye angekubali kuzungumza nami. Bado sijapata jibu. Nikipata nauli nitapita Kaboya kwanza, kwenye makaburi ya askari wetu, kisha nivuke Mutukula niende mpaka Masaka. Miguu bado ina nguvu.

Sanduku la karatasi za marehemu litawekwa mlangoni mwa sakristia kuanzia Jumapili ya tatu ya Oktoba. Nawaombeni mwandike kwa herufi kubwa, kwa maana mwaka jana Padre alitaabika sana na miandiko yetu, na mwandiko mbaya kuliko yote ulikuwa wa mwalimu mmoja mstaafu. Karatasi yangu iko tayari. Mstari wa kwanza ni jina la kaka. Chini yake nimeandika: na wa Masaka, ambao majina yao sijayajua.